Mlango wa Nyuma wa Gari la Mzee Salim

Malindi,
Alhamisi, baada ya Alasiri

Kwako mwanangu Zuhura,

Salamu zangu utazipata kesho kutoka mdomoni mwangu, kwa hiyo hapa sizirudii. Babako ametoka kwenda msikitini, wewe uko kwa shangazi yako unaaga, nami nimesukuma kando kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani, naandika juu ya meza yake. Barua hii nitaitia katikati ya nguo zako. Utaikuta ukishafika chuoni.

Sitakuandikia habari za chakula, wala za baridi ya huko bara, wala za kuchunga vitu vyako. Hayo nimeyasema mwezi mzima, na juzi nilikuona ukimtazama babako ukicheka kwa macho. Nataka kukuandikia habari unayoijua, lakini unaijua nusu.

Ni habari ya gari la Mzee Salim. Umeisikia tangu una miaka kumi na mmoja. Wanawake wa mtaa wetu huisimulia arusini, kila mmoja akitia chumvi yake: jinsi mamako alivyoufungua mlango wa gari mbele ya watu, akatia mkono, akatoa dhahabu. Wengine husema nilisoma dua, wengine husema niliota. Nawaacha waseme. Lakini wote huanzia pale gari liliposimama mbele ya karakana yetu. Hakuna anayeanzia mahali ilipoanzia kweli, kwa sababu wanaopajua walinistahi wakanyamaza. Nami nikanyamaza pamoja nao, na wewe ukakua hujui.

Mjombako Athman nimemzidi miaka tisa. Mama yetu alipofariki yeye alikuwa hajaanza shule. Mimi ndiye niliyemwogesha, mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya shati. Alipokuwa mtu mzima akajifunza udereva, na Mzee Salim, ambaye mashamba yake ya minazi yalifika hadi karibu na mto Sabaki, akamkabidhi gari lake kubwa. Sijui kama unalikumbuka vizuri gari lile la kijani, refu, la safu tatu za viti. Kwenye milango ya nyuma lilikuwa na spika mbili zilizotiwa na fundi wa Mombasa, na Athman akipita mtaani na kanda ya taarabu, watoto mlijua ni yeye kabla hajapiga honi. Wewe ulikuwa ukitoka mbio bila viatu. Alikuwa akikaa nasi, chumba cha uani.

Siku moja akawapeleka wanawake wa nyumba ya Mzee Salim arusini Kilifi. Bi Rahma, mkewe Mzee Salim, alivaa mkufu wa dhahabu alioachiwa na mamake, mwembamba na mrefu, wa kuzungushwa shingoni mara mbili. Walipofika Kilifi mkufu haupo. Bi Rahma akasema aliuvua njiani kwa ajili ya joto, akauweka kitini kando yake. Wakainua viti, wakakung'uta mazulia, wakapekua mikoba. Hawakuuona. Na kwa kuwa wanawake wote waliingia arusini kabla ya kugundua, aliyebaki na gari alikuwa dereva. Watu hawakuhangaika kufikiri zaidi ya hapo.

Mzee Salim hakwenda polisi, kwa heshima ya marehemu babangu. Alituma watu wawili waje nyumbani, pamoja na dadake Bi Rahma. Walikuja asubuhi, wakapiga hodi kwa adabu, wakakaa barazani. Mkubwa wao akasema, "Bi Mwanaisha, hatukuja kwa ubaya. Tunataka tu kuzungumza na Athman, labda kuna jambo alilisahau."

Hayo tu, Zuhura. Sikiliza hapo. Hakuna aliyetaka kupekua. Hakuna aliyetaja chumba chake.

Wakati ule ndio nilikuwa nimeanza kushonea nyumba kubwa za mji. Mapazia ya Bi Rahma mwenyewe yalikuwa ndani, nusu yameshonwa. Majirani walikuwa wamesimama milangoni. Nikaona macho yao, nikaona jina langu likianguka barazani, na nikaingia uani, nikalitoa sanduku la ndugu yangu, nikalifungua mbele ya watu wote. Nikazitoa nguo zake moja moja, nikazikung'uta. Shati, kikoi, suruali ya kazi. Picha ya mama yetu ikaanguka, nikaiweka kando, nikaendelea. Mwisho nikaligeuza sanduku juu chini nikaligonga kitako.

"Mnaona," nikasema. "Kama amechukua, hakuuleta humu. Mimi na nyumba yangu tuko safi."

Kama amechukua. Nilisema hivyo kwa ulimi wangu huu.

Athman alikuwa amesimama kwenye kizingiti, ametoka kuoga, taulo begani. Alinitazama akasema maneno mawili: "Dada, wewe?"

Kisha akainama, akaokota nguo zake, akazikunja vizuri kama nilivyomfundisha. Wale wageni waliona haya, wakaondoka bila kumwuliza lolote. Yeye aliondoka adhuhuri. Wewe uliporudi kutoka chuoni kusoma Kurani nikakwambia mjomba amepata kazi mbali. Ukalia, nikakununulia kashata.

Alikwenda Dabaso, kwa rafiki yake, akaingia kazi ya kukata mawe ya kujengea. Hakuna mtu kutoka hapa mpaka Kilifi aliyempa tena gari. Mwaka ule wote sikwenda kumtazama. Nilijiambia kwamba yeye ndiye aliyekasirika, basi yeye ndiye atakayerudi. Uwongo unaojiambia mwenyewe, mwanangu, huuchunguzi sana.

Sasa nije kwenye karakana.

Babako ni fundi wa redio, hilo unalijua, na mimi nilikuwa nimeongeza kazi ya kushona viti vya magari. Hoteli moja ya ufuoni ikatuletea gari lake la wageni, kubwa kama lile la Mzee Salim, jeupe. Walitaka spika mpya nne na milango ivalishwe ngozi mpya ya plastiki kwa ndani, maana ya zamani ilikuwa imepasuka kwa jua. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Babako akasema mimi nishone, yeye atafungua.

Mlango wa kwanza aliufungua kwa pupa. Kuna ule ubao wa ndani, unaokaa juu ya chuma cha mlango, umeshikwa kwa vishikizo vidogo usivyoviona. Yeye akatia bisibisi akauvuta. Pa! Pa! Vishikizo vitatu vikakatika na ubao ukapasuka pembeni. Kisha ule mkono wa kuzungusha kioo ukamshinda kabisa. Hauna skrubu. Umeshikwa kwa kiwaya kilichopinda kama kwato ya punda, kimejificha nyuma yake. Akakichokoa, kikaruka, kikapotelea mchangani, nasi tukakitafuta mpaka magoti yakatuuma.

"Kazi ya shetani hii," akasema. "Nitawarudishia gari lao."

"Hebu nipishe," nikamwambia.

Nilikaa mbele ya mlango wa pili nikautazama muda mrefu kabla sijaugusa. Nikachukua ukanda mwembamba wa kitambaa, nikaupitisha nyuma ya ule mkono wa kioo, nikausugua huku na huku kama mtu anayepiga viatu rangi. Kile kiwaya kikatoka polepole, kikanasa kwenye kitambaa. Babako akafungua mdomo. Halafu nikaenda jikoni nikaleta mwiko mwembamba, nikauzungushia kitambaa ncha, nikautia kati ya ubao na chuma, na kwa mkono mwingine nikapapasa mpaka nikajua kila kishikizo kilipo. Nikasukuma pale pale penye kishikizo, si kando yake. Kikatoka kizima. Cha pili kizima. Kumi na moja vikatoka, hakuna hata kimoja kilichovunjika, na ubao wote ukanijia mapajani.

Sijawahi kufurahi vile kwa kazi ya mikono. Nilipiga kigelegele peke yangu, babako akacheka mpaka akakaa chini.

Nyuma ya ubao kulikuwa na karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa lami. Nikaibandua. Ndani ya mlango mna uwazi, ambamo kioo hushuka. Nikachungulia. Chini kabisa palikuwa na kitana cha mtoto, penseli, kijiko cha chai na kipande cha tasbihi.

"Tazama duka hili," akasema babako. "Vimeingiaje?"

Aliuliza kwa mzaha tu. Niliutazama ule ufa wa juu, kioo kinapoingilia mlangoni. Mpira wake ulikuwa umekauka na kujikunja. Nikavua mkufu wangu wa fedha, ule ambao sasa umeuvaa wewe, nikaulaza juu ya mlango, pale mtu anapoegemeza mkono, nikautikisa mlango kidogo kama gari linalopita kwenye mashimo. Mkufu ukasogea. Ncha moja ikaingia ufani, na ncha ile ikauvuta uliobaki. Ukazama wote kimya kimya, bila hata mlio.

Babako akaacha kucheka. Nikavaa buibui, nikatoka vile vile na lami mikononi.

Bi Rahma alinipokea vizuri. Nilipotaja mkufu uso wake ukafunga. "Mwanaisha, yale yamepita. Usiyafukue."

"Shikamoo yangu ni ya heshima, Bi Rahma, na sitakaa sana. Nina maswali matatu. Siku ile ulikaa upande gani?"

"Nyuma, kushoto. Penye dirisha."

"Kioo kilikuwa wazi?"

"Kwa joto lile? Kilikuwa wazi."

"Na ulilala njiani?"

Alianza kukunja pembe ya mtandio wake. "Nilisema niliuweka kitini," akasema.

"Najua ulivyosema."

"Nilikuwa nao mkononi," akasema kwa sauti ndogo. "Nimeegemea mlango. Usingizi ulinipitia. Nilipoamka tumeshafika, watu wanashuka, nikaona aibu kusema sijui niliuweka wapi, mkufu wa mama. Nikaingia nao ndani, na huko ndipo nikasema kitini. Baadaye nilishindwa kurudi nyuma."

Ningeweza kumkasirikia. Lakini nani aliyeligonga sanduku kitako?

Mzee Salim alikuwa mgumu zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, fimbo yake kati ya magoti. "Na usipoukuta?" akauliza. "Nduguyo atakuwa ameitwa mwizi mara mbili."

"Najua, Mzee."

"Na ukiukuta, wapo watakaosema umeuingiza wewe."

Hilo sikuwa nimelifikiri. Yeye alilifikiri, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, hata kama siku ile haki ilimponyoka. Akagonga fimbo chini. "Basi utaufungua mchana, mbele ya watu. Utakunja mikono mpaka begani. Jumamosi asubuhi nitalileta gari kwenu mwenyewe."

Babako alitaka tufanye kwa siri kwanza, tujue, ndipo tuite watu. Nilikataa. Ndugu yangu nilimvunjia heshima mbele ya mtaa mzima. Kama nilikuwa naweza kumrudishia, basi ni mbele ya mtaa ule ule, na kama nilikuwa nakwenda kuaibika, nilistahili.

Jumamosi ile ndiyo unayoikumbuka wewe. Ulikuwa umekaa ukutani na wenzio. Mtaa wote ulikuwepo. Dadake Bi Rahma alikuwepo, na wale wanaume wawili. Mzee Salim aliletewa kiti. Nilikunja mikono, nikaigeuza waione, nikapiga magoti mbele ya mlango wa nyuma wa kushoto.

Mkono wa kioo ukatoka kwa kitambaa. Skrubu za mahali pa kuegemeza mkono zikatoka. Nikatia mwiko, na vishikizo vikaanza kutoka kimoja kimoja. Nilikuwa nikivihesabu kwa sauti bila kujijua. Babako akakata nyaya za spika akazifunga alama za uzi, nyekundu na nyeupe, na ubao ukatoka mzima, spika imo. Nikabandua nailoni. Nikachungulia.

Hamna kitu. Chuma kitupu, vumbi, na ganda moja la peremende.

Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Masikini," na sikujua ananiambia mimi au anamsema Athman. Mzee Salim akainuka. "Basi, binti yangu. Umejaribu. Funga mlango."

Nikamwambia, "Mzee, bado sijafika chini."

Maana kwenye kona ya mlango, pale spika ilipokuwa imekaa, palikuwa na tundu la duara la kutosha mkono wangu. Niliutia mpaka begani, shavu langu likiwa juu ya chuma. Chuma kilinikwangua, ndilo hili kovu unaloniuliza kila ukiniona nikitawadha. Nikafika chini. Chini hapakuwa na chuma. Palikuwa na udongo, umeganda mgumu kama tofali. Milango ya magari ina vitundu chini vya kutoa maji ya mvua, na vya gari lile vilikuwa vimezibwa na matope ya njia za shamba. Kila mvua iliyonyesha ilileta tope lake, na tope likakauka.

"Nipe kijiko," nikamwambia babako.

Niligonga. Niligonga bila kuona, kwa kupapasa. Kipande kikamomonyoka, nikakitoa. Udongo mtupu. Nikagonga tena, kikatoka kikubwa, kama andazi. Nikakitazama jua lilipokipiga, na ubavuni mwake kulikuwa na uzi mwembamba unaong'aa.

Nilikivunja mkononi polepole, udongo ukaanguka chini, na mkufu ukaning'inia kwenye vidole vyangu, mrefu, mzima, hata pingili moja haijakatika.

Zuhura, kelele zile! Vigelegele vilitoka barazani, vikatoka madirishani, hata watu waliokuwa sokoni wakaja mbio wakiuliza ni arusi ya nani. Bi Rahma aliupokea mkufu, akakaa chini mchangani na nguo zake nzuri, akalia. Halafu akasimama akasema mbele ya wote, "Nililala. Nilikuwa nao mkononi nikalala, nikaona haya kusema. Athman hakuchukua kitu." Ilihitaji moyo kusema vile, na tangu siku ile nampenda.

Mzee Salim akasema, "Nimemdhulumu kijana wa watu. Yuko wapi?"

"Dabaso," nikasema.

"Twende."

"Mzee, mlango bado uko wazi. Nirudishe ubao kwanza."

"Twende hivyo hivyo!"

Tukaenda hivyo hivyo, mlango umebaki chuma, ubao nimeupakata mapajani na spika yake ikining'inia. Mzee Salim aliendesha mwenyewe, vibaya sana, akipiga honi kutoka hapa mpaka Gede kama anayepeleka bibi arusi. Bi Rahma alikuwa kando yangu, ameliziba tundu la mlango kwa mikono miwili.

Athman alikuwa ndani ya shimo la mawe, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele mpaka miguu. Aliposikia gari alilijua kwa mlio. Alipanda juu akasimama na shoka lake. Mzee Salim alishuka, mtu wa umri ule, akaenda mpaka mbele yake, akaushika mkono wake uliojaa vumbi.

"Mwanangu," akasema, "mkufu umepatikana. Ulikuwa ndani ya mlango mwaka wote huu. Nilikudhania na nikakuvunjia jina, na nimekuja kuomba radhi mbele ya wenzako hawa."

Wakataji wa mawe walipiga kelele, wakaligonga gari kwa viganja, wakamwinua mjombako juu. Alicheka. Nilikuwa sijamwona akicheka mwaka mzima. Siku ile ile akarudi Malindi, akiliendesha yeye, na mtaa ukampokea kwa ngoma. Hapo ndipo wasimuliaji wote wanapomalizia, na kwa kweli ni mahali pazuri pa kumalizia.

Lakini mimi najua kilichofuata.

Baada ya siku ile mimi nikawa shujaa. Magari yalikuja karakana kutoka Watamu, kutoka Kilifi, hata kutoka Mombasa. Watu walileta watoto wao wautazame mwiko. Nikiingia arusini napewa mahali pa mbele. Na kila mtu aliponisifu kwa kumwokoa ndugu yangu, mimi niliinamisha kichwa nikasema, "Alhamdulillahi." Kazi yangu nzuri niliivaa kama vazi jipya, nikafunika nayo kila kitu. Athman alirudi chumba cha uani. Alikula nasi. Aliniita Dada. Wiki tatu zikapita, na sikuwahi kumwambia neno moja kuhusu asubuhi ile ya baraza. Nilijiambia kwamba nimeshalipa kwa vitendo.

Sikuwa nimelipa. Hilo ndilo nililojifunza kwa shida, Zuhura, na sijui kama linaweza kufundishwa. Mtu anaweza kutenda jambo kubwa kabisa ili asiseme jambo dogo. Ningefungua milango ya magari yote ya pwani kabla ya kufungua mdomo wangu mbele ya mdogo wangu.

Siku moja alikuwa uani, anaosha mazulia ya gari. Nilitoka kumpelekea chai. Nikaweka kikombe ukingoni mwa kisima, nikaanza kurudi ndani, na miguu ikakataa. Nikasimama pale, nimempa mgongo.

"Athman," nikasema. "Siku ile. Hakuna aliyeniomba nilitoe sanduku lako. Nililitoa mwenyewe. Niliogopa wateja, niliogopa majirani, nikakutupa wewe. Nilikuwa sijui kama umeiba au hukuiba, na sikukuuliza. Nisamehe."

Maji yaliacha kumwagika. Sikuthubutu kugeuka. Nilimsikia akiweka ndoo chini.

"Mkufu haukuniuma," akasema. "Watu waseme wanavyotaka, nilijua sikuuchukua. Lililoniuma ni wewe kulikung'uta shati nililoshonewa na wewe."

"Najua."

"Huko Dabaso nilikuwa nikikata jiwe nasema, leo atakuja. Kesho atakuja. Ulipokuja na Mzee Salim na ngoma zote zile, nilifurahi, lakini nikasema, huyu bado hajafika."

Nikageuka. Alikuwa akilia na kucheka pamoja, povu la sabuni mpaka kwenye kope. Aliniambia maneno ambayo nimeyahifadhi kuliko sifa zote nilizopewa katika mji huu.

"Wewe hukawia, Dada. Lakini hufika."

Nilimkumbatia na povu lake lote. Tukaoshana, tukamwagiana maji kama watoto, chai ikapoa, babako akatoka karakana kuuliza kuna nini, na hatukuweza kumjibu kwa kucheka. Furaha ya Jumamosi ile ya mkufu ilikuwa kubwa, mtaa mzima uliibeba. Hii ya kisimani ilikuwa ya watu wawili, na nakuapia, ilikuwa kubwa zaidi.

Mjombako yuko radhi nikuandikie haya. Nilimwuliza jana. Akasema, "Mwandikie, na umwambie spika ya kushoto bado inakoroma, hukuirudisha vizuri." Si kweli. Niliirudisha vizuri sana.

Unakwenda kuwa mwalimu, mwanangu. Watoto arobaini watakutazama usoni kila siku, na siku moja utamwonea mmoja wao, kwa kuchoka au kwa kuogopa wakubwa wako, kwa sababu wewe ni mtu. Sikutakii siku hiyo na sikukatazi, maana haitaniuliza. Nakuomba tu usihesabu wema wako mwingine kuwa ndiyo radhi. Mwendee. Kama umekawia wiki tatu, mwendee. Kama umekawia miaka mitatu, mwendee vile vile, na ulitaje kosa lenyewe kwa jina lake.

Nasikia sauti yako mlangoni, unacheka na shangazi yako. Naifunga barua kabla hujaniuliza naandika nini. Nimewahi kutoa dhahabu kwenye tope mbele ya mji mzima, lakini wewe, msichana wa kwanza wa ukoo wetu kwenda chuo, unanipa fahari ambayo sikujua kifua changu kina nafasi yake. Nenda ukafundishe. Mungu akuweke.

Ni mimi mamako akupendaye,
Mwanaisha